Sura ya Tano: Darasa Linalopumua

Paa la Shule ya Msingi Gando haligusi darasa. Kuta za matofali ya udongo zimepanda, boriti za zege zimelazwa kukata upana wa chumba, na juu ya boriti zikapangwa nondo pamoja na matofali mengine ya udongo kuwa dari. Fundi wa kawaida angeishia hapo, apigilie bati, alipwe chake aende. Gando bati limeinuliwa hewani, likabebwa na kenchi nyembamba za nondo, na kati yake na dari ukaachwa uwazi unaopitisha upepo mchana kutwa. Tena limetanda kupita kuta kila upande kama mwavuli, hivyo jua kali haliuchomi ukuta wala mvua haiupigi.

Aliyewahi kusoma chini ya bati lililolala juu ya vichwa vya wanafunzi anaujua uzito wa jambo hili. Saa tano asubuhi joto la bati limekwisha kuwashukia. Saa saba mchana mwalimu anafundisha watoto wanaosinzia. Mvua ikinyesha, somo linasimama, kwa sababu hakuna anayesikia neno. Nchini Burkina Faso, iliko shule hiyo ya Gando na ambako kuanzia Machi hadi Mei joto hupita nyuzi 40 kivulini, chumba cha namna hiyo hakikaliki.

Shule ya Gando ilikamilika mwaka 2001. Aliyeichora alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin, hajapata hata shahada. Jina lake Diébédo Francis Kéré. Mwaka 2004, mwaka uleule aliohitimu chuo, jengo hilo la madarasa matatu lilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu duniani huihesabu kuwa kubwa kuliko zote. Kati ya tuzo hizo mbili kuna kazi ya karibu miaka ishirini ya kujenga mahali pa kusomea na ya kufundisha watu kujenga. Kwake kazi hizo mbili hazijawahi kutengana.

Barua za mkuu wa kijiji

Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965, enzi nchi hiyo ikiitwa Volta ya Juu. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Gando haikuwa na umeme, maji safi wala shule, na wengi kijijini waliona kwamba kumpeleka mtoto darasani ni kupoteza wakati wa shamba. Mzee alikuwa na haja yake: barua zilikuwa zikimfika, naye alitaka mtu wa nyumbani wa kumsomea na kumfasiria. Akamchagua mwanawe wa kwanza. Kijana huyo wa miaka 7 akaaga, akaenda kukaa kwa ndugu mjini Tenkodogo, na akawa mtoto wa kwanza wa Gando kwenda shule.

Darasa alilolikuta lilikuwa la matofali ya saruji, lenye giza na joto, limejaa watoto zaidi ya mia moja. Alikaa humo saa nyingi kila siku, na humo ndimo alimoweka nia kwamba akikua atajenga shule zilizo bora kuliko ile. Watoto wengi huapa hivyo. Wachache hupata nafasi ya kutimiza, na wachache zaidi hurudi kuanzia kijijini kwao.

Kuna kisa ambacho Kéré amekisimulia hadharani katika mihadhara yake. Kila likizo ilipokwisha, alizunguka kuaga nyumba kwa nyumba, na wanawake wa Gando walimpa sarafu zao za mwisho. Akamuuliza mama yake kwa nini watu wote wanampenda kiasi hicho. Mama akamjibu kwamba wanachangia masomo yake, wakitumaini kuwa siku moja atafanikiwa, arudi, ayaboreshe maisha ya wote. Msomaji yeyote aliyesomeshwa kwa mchango wa ukoo, kwa mbuzi wa shangazi au kwa kikundi cha akina mama, anaelewa deni la aina hiyo. Halina hati wala tarehe ya mwisho, na hakuna siku mwenye nalo anapolisahau.

Baada ya shule alijifunza useremala. Mwaka 1985 akapata ufadhili wa mafunzo ya ufundi Ujerumani. Mchana alijifunza kutengeneza mapaa na samani, jioni alisoma masomo ya sekondari. Mwaka 1995, akiwa na miaka 30, aliingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Umri huo una maana katika habari hii. Alipokaa mbele ya meza ya kuchorea alikuwa tayari amekata mbao, amepima pembe za mapaa na amejua mzigo unashukaje kutoka kwenye kenchi hadi ukutani.

Hakungoja kuhitimu. Mwaka 1998, akiwa bado chuoni, alianzisha chama cha kuchangisha fedha za matofali ya shule ya Gando. Aliwaomba wanafunzi wenzake wapunguze matumizi ya kahawa na sigara, wampe kinachobaki. Katika muda wa miaka miwili zikapatikana dola 50,000.

Ubishi juu ya udongo

Alipofika kijijini na habari njema, watu walishangilia. Alipowaambia kwamba shule itajengwa kwa udongo, shangwe ilikatika. Walimuuliza kama kweli miaka yote ile ya Ulaya, ambayo angeitumia kulima pamoja nao, ilikuwa ya kumfundisha kurudia nyumba zilezile zinazobomoka kila masika.

Swali lao lilikuwa la haki. Nyumba ya udongo katika eneo lile hukandikwa upya karibu kila mwaka baada ya mvua. Saruji ndiyo iliyokuwa alama ya maendeleo: ofisi ya serikali ilikuwa ya saruji, zahanati ilikuwa ya saruji, na shule ya mjini vilevile. Mwana wa mkuu wa kijiji anayerudi kutoka Ujerumani akiwa na udongo mkononi alionekana amewarudisha nyuma.

Kéré hakuwapuuza, na hakuacha wazo lake. Saruji ilikuwa ghali na ilibidi iletwe kutoka mbali. Darasa la saruji chini ya bati lilikuwa ndilo hasa lililomtesa Tenkodogo. Udongo ulikuwa pale pale, bure, na ukuta mnene wa udongo huchukua muda mrefu kupata moto. Kilichobaki ni kuukinga na adui yake, ambaye ni maji.

Dawa ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, udongo ulichanganywa na saruji kidogo ukashindiliwa kwa mashine ya mkono kuwa matofali magumu yenye kingo zilizonyooka. Pili, kuta ziliwekwa juu ya msingi wa mawe ili unyevu wa ardhini usizipande. Tatu ni lile bati pana lililoinuliwa, linalomwaga maji mbali na ukuta. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyohitaji mtambo kutoka nje. Serikali ya Burkina Faso ilisaidia kwa kuwafundisha watu wa kijiji kufyatua matofali hayo.

Wengi wa waliojitokeza kujenga hawakuwahi kwenda shule. Ramani ya karatasi, yenye mistari na vipimo, haikuwa na la kuwaambia. Ilibidi mambo yaonyeshwe kwa vitendo: kipande kijengwe, kishikwe, kijaribiwe, ndipo kazi isonge. Mwanafunzi wa Berlin akajikuta ni mwalimu, na kiwanja cha ujenzi kikawa darasa la kwanza la Gando kabla ya darasa lenyewe kusimama.

Watoto waliokota mawe ya msingi. Wanawake walileta maji ya kufyatulia matofali. Sakafu ilikuwa ya udongo pia, nayo ilikuwa kazi ya watu wengi kwa muda mrefu: vijana waliitwanga, akina mama wakaja wakaipiga kwa saa nyingi huku wakiinyunyizia maji, kisha wasuguaji wakailainisha kwa mawe hadi ikang'aa. Kenchi zilibuniwa kulingana na mikono iliyokuwapo. Hakukuwa na winchi, wala barabara ya kupitisha vyuma virefu. Kéré akachagua nondo za kawaida za dukani, akawafundisha wanakijiji kuzikata kwa msumeno wa mkono na kuziunganisha kwa mashine ndogo ya kuchomelea.

Uamuzi huo wa nondo ndio unaomwonyesha Kéré alivyo. Paa lingeweza kubebwa na vyuma vizito vilivyotengenezwa kiwandani na kufungwa na mafundi wa mji mkuu, na lingesimama vilevile. Lakini mafundi wale wangeondoka na ujuzi wao. Kwa nondo na msumeno, watu wa Gando walibaki na shule pamoja na elimu ya kujenga nyingine, na bati likitoboka wanajua walivyolipandisha.

Matokeo yake yalionekana mapema. Vijiji viwili vya jirani vilijenga shule zao kwa kushirikiana, vikifuata mfano wa Gando. Mafundi waliofunzwa pale wakaanza kuajiriwa katika kazi za umma za eneo hilo. Kwa vijana ambao wenzao walizoea kwenda kutafuta vibarua mbali na kwao, ufundi wa tofali la kushindilia ukawa riziki ya nyumbani.

Hewa inavyotembea

Inafaa kueleza vizuri jinsi chumba hicho kinavyojipoza bila umeme, kwa sababu kanuni yake ndiyo iliyojirudia katika kazi zote zilizofuata.

Hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda. Darasani, joto linalotoka kwenye miili ya wanafunzi na linaloingia madirishani hupanda hadi darini. Dari ya Gando ina matundu, kwa hiyo hewa hiyo inapenya na kutoka. Juu ya dari, upepo unaopita chini ya bati unaizoa na kuipeleka nje. Inapotoka, hewa nyingine yenye nafuu inaingia kupitia madirisha yenye vibao vya kufungua na kufunga, na mzunguko unaendelea. Bati lenyewe likipata moto husaidia zaidi, kwa kuwa hewa iliyo chini yake hupata joto na kukimbia haraka.

Madarasa matatu yamepangwa katika mstari mmoja, na kati ya moja na jingine kuna nafasi iliyoezekwa lakini haina kuta. Hapo watoto hucheza, na mwalimu akitaka hufundishia. Kivuli hicho kimepatikana kwa bati lilelile, bila gharama ya jengo jingine.

Nyumba za walimu na vyungu vya maktaba

Shule ilianza na wanafunzi 120. Baadaye walifika 700. Kila hatua ya kukua ilileta swali lake la ujenzi, na kila swali likajibiwa tofauti.

La kwanza lilikuwa walimu. Mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga hutafuta uhamisho kabla hajafungua begi. Mwaka 2004 zikajengwa nyumba sita za walimu, zimepangwa katika upinde mpana kusini mwa shule, kuta zake za udongo na paa zake za kuba. Mwaka 2008 yakaongezwa madarasa mengine. Safari hii dari ilijengwa kwa mkunjo wa kuba, ikiachiwa nafasi za kupitisha hewa, na bati likakaa juu yake kwa mbali kama kawaida.

Kisha ikaja maktaba, yenye umbo la yai, tofauti na madarasa yaliyonyooka. Kéré alihitaji dari itakayoingiza mwanga bila jua na kutoa joto bila feni. Jibu alilipata kwa wafinyanzi. Aliwaomba wanawake wa kijiji walete vyungu vyao vya udongo, vile vya siku zote vya maji na nafaka. Vyungu vilikatwa shingo na matako, vikapangwa juu ya mbao za kumwagia zege, kisha zege likamwagwa kati yake. Mbao zilipoondolewa, dari ikabaki na matundu ya mviringo, makubwa na madogo, yaliyotawanyika. Mwanga unashuka kwa vipande sakafuni, joto linapandia humo humo, na zege lililotumika ni kidogo kwa kuwa sehemu kubwa ya dari ni uwazi wa vyungu.

Mfinyanzi wa kijiji hupata pesa ndogo kwa kazi yake, na plastiki imemnyang'anya soko karibu kila mahali barani Afrika. Katika maktaba ya Gando kazi yake iko juu ya vichwa vya wasomaji, na mtoto akiinua macho kutoka kitabuni anauona ufundi wa bibi yake. Hapo msanifu amefundisha jambo ambalo halimo kwenye mtaala wowote: kwamba maarifa ya nyumbani yana mahali pake ndani ya jengo la elimu.

Kwa shule ya sekondari ya Gando, Kéré alisogea mbele tena. Badala ya kufyatua tofali moja moja, udongo ulichanganywa na kokoto na saruji kidogo, ukamwagwa kwenye kalibu kama zege, ukuta mzima kwa mara moja. Mpango wa shule hiyo, wenye mifumo ya kupoza hewa bila mashine, ulipata Tuzo ya Dhahabu ya Holcim ya dunia mwaka 2012.

Jiwe la Koudougou

Mjini Koudougou, magharibi mwa Ouagadougou, udongo ulimwachia jiwe nafasi. Eneo hilo lina mwamba mwekundu ambao ukiwa ardhini ni laini, hukatwa kwa zana za mkono, na ukikaa juani hugumu. Shule ya sekondari ya Lycée Schorge, iliyokamilika mwaka 2016, imejengwa kwa matofali yaliyokatwa kwenye mwamba huo. Majengo yake tisa yamezunguka ua, yakiukinga na upepo na vumbi, na hapo katikati shule nzima inaweza kukusanyika.

Mbele ya madarasa kuna pazia la fito za mkaratusi zilizosimamishwa wima. Mti huo una sifa mbaya katika nchi kavu: hunywa maji mengi na kivuli chake ni haba. Kéré aliuona kama nguzo inayokua haraka. Fito zinapunguza ukali wa jua kabla halijafika ukutani, na kati ya pazia na darasa umepatikana ujia wenye kivuli ambako wanafunzi husubiri kipindi, hujisomea na kuzungumza. Ndani, dari nyeupe ya mawimbi inarudisha mwanga chini na kuachia joto kupanda, na minara iliyo juu ya paa inalitoa nje. Mabaki ya vyuma vya paa hayakutupwa, yaliunganishwa na mbao ngumu za nchini yakawa madawati.

Mwaka 2020 awamu ya kwanza ya chuo cha teknolojia, Burkina Institute of Technology, ilikamilika katika mji huohuo. Kuta zake ni za udongo wa kumwaga, mbinu iliyokomazwa Gando. Vijana wanaosomea kompyuta humo wamekaa ndani ya ukuta ambao malighafi yake ni ileile ya nyumba za mababu zao.

Kiti cha profesa

Sifa zilipoenea, vyuo vikuu vilimwita. Kéré amefundisha Mendrisio nchini Uswisi, na Harvard na Yale nchini Marekani. Mwaka 2017 alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, na kiti chake kinahusu usanifu pamoja na ushirikishwaji wa watu.

Ushirikishwaji ni neno lililochakaa katika miradi ya maendeleo. Mara nyingi humaanisha mkutano mmoja chini ya mwembe, mahudhurio yakasainiwa, soda zikagawiwa, na ramani iliyokwisha kuchorwa ikasomwa kwa sauti. Katika kazi ya Kéré lina maana ya kiufundi. Unene wa nondo, uzito wa tofali na urefu wa kenchi vinaamuliwa kwa kujua nani ataubeba mzigo huo na kwa mikono gani. Anayechora bila kujua hayo anaweza kuchora jengo zuri ambalo kijiji kitaliogopa kulirekebisha.

Kwa mwanafunzi wa Munich au Harvard, aliyezoea programu za kompyuta na bidhaa za katalogi, somo hilo linaanzia mbali. Ni lazima aulize udongo wa mahali unafanyaje unapolowa, mti gani unapatikana, kiangazi ni miezi mingapi, na nani anajua nini tayari. Maswali hayohayo yanafaa Ulaya, ambako viyoyozi na saruji vimekuwa sehemu kubwa ya tatizo la hali ya hewa. Profesa aliyejifunza kazi Gando ana la kufundisha Munich, na elimu safari hii imesafiri kutoka kusini kwenda kaskazini.

Kutoka Musoma hadi Turkana

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuambiwa kwamba wananchi wanaweza kujenga shule. Nchini Kenya, shule za harambee zilisimama kwa michango ya wanakijiji baada ya uhuru, serikali ikaja nyuma yao. Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na madarasa mengi ya kutimiza lengo hilo yalitokana na nguvu za wananchi: watu walifyatua matofali, wakachota maji, wakabeba mawe. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ni wa kale kuliko wizara yoyote.

Kilichokosekana mara nyingi ni msanifu. Nguvu zilikuwapo, nia ilikuwapo, lakini aliyekaa na wanakijiji kufikiri juu ya upepo, mwanga na kelele za mvua hakuwapo. Uharaka wa idadi ulimeza kila kitu. Uharaka huo bado upo, na una sababu. Mwaka 2021 Tanzania ilipanga kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, kwa sababu watoto walikuwa wengi na vyumba vichache. Mpango wa namna hiyo hutaka ramani moja inayojengeka kila mahali kwa muda mfupi. Lakini Makete kuna baridi ya kutetemesha na Dodoma kuna jua la kupasua ardhi. Ramani moja haiwezi kuwatendea haki watoto wa pande zote mbili.

Kéré mwenyewe amejenga katika ukanda huu. Ukingoni mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kampasi ya Startup Lions ilikamilika mwaka 2021. Vijana wa Turkana hujifunza humo kazi za kompyuta na teknolojia ya habari, ili wapate ajira bila kulazimika kuhama kwao. Kompyuta ina maadui wawili ambao Turkana inao kwa wingi, joto na vumbi. Mtu angefunga madirisha na kuwasha viyoyozi. Kéré alitazama vichuguu vya mchwa vinavyosimama wima katika nyika ile, ambavyo ndani yake hewa hupanda na kutoka. Akainua minara mirefu inayovuta joto kutoka vyumbani, na chini akaweka matundu ya kuingizia hewa yenye ubaridi. Kuta zimejengwa kwa mawe ya machimbo ya huko huko, na jengo limefuata mteremko wa ardhi kwa ngazi mbili badala ya kuusawazisha. Juu, mapaa yenye kivuli yanatumika kwa mikutano na mapumziko, ziwa likiwa mbele.

Kinachobaki kufanywa

Usanifu una mipaka, na Burkina Faso inaionyesha kwa uchungu. Vita vya makundi yenye silaha vimefunga shule nyingi sana nchini humo. Mwaka 2023 zilizofungwa zilizidi 6,000. Hakuna paa linaloweza kumkinga mtoto na bunduki. Tena majengo ya Kéré yalipata wafadhili, muda na jina lililofungua milango, na halmashauri ya wilaya haina vitu hivyo vitatu kwa pamoja.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya alichokifanya Gando haikuhitaji jina. Bati ni lilelile linalouzwa madukani kote. Nondo ni zilezile. Mashine ya mkono ya kushindilia matofali inajulikana Afrika Mashariki na imetumika kwa miaka mingi katika ujenzi wa nyumba. Gharama ya ziada ni kenchi za kuliinua bati, na akiba inapatikana kwa kutumia udongo wa mahali badala ya malori ya saruji.

Hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo na ya kupimika. Halmashauri moja ya eneo la joto, iwe Dodoma, Shinyanga au Lodwar, ijenge darasa moja lenye paa lililoinuliwa na dari yenye matundu, kando ya darasa la ramani ya kawaida. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Nairobi walichore pamoja na walimu wa shule hiyo. Vijana wa vyuo vya ufundi wachomelee kenchi. Kamati ya shule itunze daftari la gharama, shilingi kwa shilingi. Kisha vipimajoto vitundikwe katika vyumba vyote viwili kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na namba zisomwe mbele ya wazazi na mhandisi wa wilaya kabla ya kupitisha bajeti ya madarasa yanayofuata.